Nguzo za Buger

Kila asubuhi, akishamkamua ng'ombe wao mmoja, Leonida alizoa majivu ya jikoni kwenye ungo uliotoboka na kwenda nayo nyuma ya nyumba. Huko nguzo zilikuwa zimelazwa juu ya mawe na kufunikwa kwa mabua ya mahindi. Alinyunyiza majivu kuzunguka mawe ili mchwa wasipande, akainama kuchungulia, kisha akazigeuza kidogo zile za juu ili ubavu uliolaliwa upate hewa. Kazi hiyo aliianza tangu walipohamishiwa kijijini, kando ya barabara kuu ya Karatu, na hakumwachia mtu, hata binti yake Germana ambaye sasa aliweza kazi zote nyingine za nyumbani.

Asubuhi hii mabua yalikuwa yametupwa kando. Nguzo ya katikati, nene kuliko zote, haikuwepo. Alama ya kuburuzwa ilipita kwenye vumbi, ikakatisha kitalu cha mboga, ikaingia katika kibanda cha mumewe. Leonida alisimama na ungo mkononi akisikiliza msumeno. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba mwizi amekuja, na mumewe yuko kibandani anafanya kazi wala hajui. Alifungua kinywa amwite. Kisha ile alama na ule msumeno vikaungana kichwani mwake, na bado hakuelewa.

Patrisi alikuwa amekwisha kukata vipande vinne. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

“Baba Germana, hiyo ni nguzo,” Leonida alisema.

“Ni oloirien, mzeituni wa mwitu. Kavu mpaka moyoni. Hebu nusa.”

Alimnyooshea kipande. Kwa kuwa alinyooshewa, Leonida alikipokea na kukinusa. Kilinukia moshi wa zamani, moshi wa jiko lake mwenyewe la Buger walikotoka. Alikirudisha.

Mumewe alimweleza akiwa ameshika kazi. Ile hoteli ya juu, ukingoni mwa kreta, vinu vyake vya mezani vimevunjika, vile ambavyo mgeni hujisagia mwenyewe chumvi na pilipili manga juu ya chakula chake. Vipya havipatikani kwa sababu hakuna fedha za kigeni. Bwana stoo amevifungua vibovu, akatoa vyuma vya ndani ambavyo bado ni vizima, na anatafuta fundi wa kuviundia miili ya mti. Si kila mti unafaa. Mtarakwa una harufu, chumvi ingenukia kama sanduku la nguo. Mkaratusi hupasuka. Mti mbichi wowote utakauka baadaye, ujikunje na kuvikaba vyuma visizunguke. Lakini oloirien unakubaliana na chakula; si Wamaasai hufukizia vibuyu vya maziwa kwa kijinga chake? Na oloirien mkavu namna hii hauko popote, maana msituni huruhusiwi kukata.

“Hiyo moja itatosha?” Leonida aliuliza.

“Itaonekana,” Patrisi alisema, akakanyaga pedeli ya mashine yake ya kukereza, aliyoiunda kwa miguu ya cherehani. Mti ukaanza kuzunguka na mazungumzo yakaishia hapo.

Nguzo zile ndizo zilizokuwa zimebeba tembe yao kule Buger. Siku ya kuhamishwa wengi waliziacha zao. Leonida aling'ang'ania zipakiwe, mpaka askari mgambo akachoka kubishana naye. Sasa ilikuwa mwaka themanini na moja na watu walikuwa wameanza kurudi walikotoka, kimyakimya, familia moja moja. Hakuna aliyewaruhusu na hakuna aliyewakataza. Mtu aliyerudi alisimamisha nguzo zake katika mashimo yake ya zamani, wazee wakapita, wakaona nguzo inaingia shimoni bila kulegea, na hapo pakawa pake tena. Aliyekuja mikono mitupu aliambiwa asubiri, na wakati anasubiri mwingine akaomba mahali pale akapewa. Leonida aliyajua hayo kwa sababu mama yake, bibi Marsela, bado aliishi Buger, hatua chache kutoka kwenye yale mashimo, na macho yake yalikuwa yanazidi kufifia.

*

Bwana stoo aliitwa Sylvesta. Alikuja na gari la hoteli lililokuwa linashuka kununua kabichi, akaegesha mbele ya nyumba, na majirani wakatoka kutazama. Alileta kopo la chumvi ya mawe na kifuko cha pilipili manga za kujaribia. Patrisi alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Aliviweka juu ya meza vinu viwili vya kwanza, virefu kama gunzi la muhindi, vyembamba kiunoni, vimepakwa mafuta ya alizeti. Mistari myeusi ilipita ndani ya mti wa kahawia kama njia za maji.

Sylvesta alizungusha kichwa cha kimoja. Kikalia taratibu, chumvi ikadondoka laini. Alicheka peke yake.

“Fundi, wewe unafanya nini hapa kijijini?” aliuliza.

Patrisi naye akacheka, na Leonida aliyekuwa mlangoni aliona mumewe amesimama kwa namna ambayo hakuwa amewahi kumwona akisimama, mikono nyuma, kifua mbele, kama mtu anayepigwa picha.

Mgeni alikaribishwa chakula. Kulikuwa na ugali na mnafu. Alikula matonge mawili, akatulia, akamtazama Leonida kwa mshangao wa kweli.

“Shemeji, chumvi mmeitoa wapi? Duka la ushirika kwetu limebaki na viberiti.”

Leonida alitazama chini. Tangu kazi ile ianze, kila mumewe alipojaribu kinu, yeye alikuwa akiifagia ile chumvi iliyosagwa kutoka juu ya benchi kwa unyoya wa kuku, akiichambua vumbi la mbao, na kuitia chunguni. Ndiyo chumvi pekee waliyoionja tangu mwezi wa pili.

“Ya Baray hiyo,” Patrisi alisema upesi. “Inatoka ziwani.”

“Ya Baray siku hizi nyeupe hivi?” Sylvesta alisugua vidole vyake, akaendelea kula. Lakini wakati wa kuondoka alilichukua kopo, akalitikisa sikioni kusikia kilichobaki, akasema samahani, mambo ya stoo yanaulizwa. Leonida alilisikia likitikisika mpaka garini.

Maagizo yake yalikuwa ya wazi. Anataka viwili kwa kila meza, kabla ya wageni wa mwezi wa saba, na vyote viwe vya mti huu huu. Meneja hataki rangi za kuchanganya. Baada ya hapo yatafuata mabakuli, na kazi haitaisha.

Gari lilipoondoka Leonida alikwenda nyuma ya nyumba akazitazama nguzo. Hakuhitaji kuhesabu.

“Zitakwisha zote,” alimwambia mumewe.

“Mti ni mti, Mama Germana.”

“Kaka yako Josephati ametuma salamu kutoka Buger na mtu wa kanisani. Wazee watapita mashambani baada ya mavuno.”

“Nimesikia.”

“Umesikia ukasemaje?”

“Nimesema nimesikia.”

*

Siku zilizofuata walizungumza sana, na kila walivyozungumza ndivyo Leonida alivyozidi kupotea. Hakusema kwamba anataka kurudi Buger. Aliona halina haja ya kusemwa. Lilikuwa jambo lao wawili, lililokubaliwa zamani, na kulisema kungekuwa kama kumwambia mumewe kwamba wameoana. Badala yake alisema nguzo zina mchwa ndani. Patrisi alipasua moja mbele yake na ndani ilikuwa safi kama mfupa. Leonida alisema zimelowa masizi ya miaka mingi na chumvi itakuwa na ladha ya moshi. Patrisi alisema masizi hayapiti unene wa ukucha mmoja, na anayakwangua yote. Alisema si vizuri watu wasiojulikana kula kwa kutumia nguzo za nyumba ya mtu. Hapo Patrisi alimtazama kwa muda, kama aliyekaribia kusema kitu, kisha akatafuta patasi yake, nayo ilikuwa mkononi.

Usiku Leonida alimtafutia sababu. Labda ana mpango wa kununua nguzo nyingine kwa fedha za hoteli. Basi mbona hasemi? Na nguzo mpya itaingiaje katika shimo la zamani bila kulegea? Labda ameongea na wazee. Labda Josephati amemwekea mahali. Kila sababu aliilea mpaka asubuhi, na asubuhi akakuta nguzo nyingine imeburuzwa.

Patrisi naye hakuwa mtulivu. Aliamka mapema kuliko ilivyohitajika. Akiulizwa na wateja wengine kama ana mbao za fremu alijibu hapana, na zilikuwepo, zimeegemea ukuta. Alipokuwa anakereza alijisikia vizuri, lakini mashine ikisimama alijikuta akitazama barabara, na kama angeulizwa anafikiria nini, angesema kwa moyo mweupe kwamba anafikiria vinu.

Naserian alikuja siku ya mnada, kama kawaida yake, na samli yake kwenye kibuyu. Huyu alikuwa mama wa Kimaasai kutoka kule juu, ng'ambo ya msitu. Kila mnada alifikia kwa Leonida, akanywa chai, akalaza mzigo wake barazani. Patrisi alimwonyesha kinu. Naserian alikizungusha, akajisagia pilipili kiganjani, akailamba, akapiga chafya.

“Sasa mzungu analipa pesa ya chakula, halafu anafanya kazi mwenyewe?” aliuliza. “Mpishi hana mikono?”

“Ndiyo starehe yao,” Patrisi alisema.

“Basi waje kwangu. Mimi nitawapa na ng'ombe wakamue.”

Leonida alicheka mpaka akashika mlango, na alipokwisha kucheka alisikia machozi yako karibu. Alimsindikiza rafiki yake hadi barabarani. Huko njiani alimweleza habari za nguzo, si zote, ila kwamba mumewe anahitaji oloirien nene iliyokauka na akikosa atazimaliza nguzo za nyumba.

Naserian alishangaa. Kule kwao boma la baba mkwe lilihamwa zamani, na miti ya ua wake imesimama tu, imekauka, wanawake wanaikata vijinga vya kufukizia vibuyu. Minene iko. Njoo uchukue, yeyo, alisema, akimwita mama kwa Kimaasai. Nani atakukatalia mti uliokufa?

*

Leonida aliaga kwamba anakwenda kununua samli. Alipanda lori la mahindi pamoja na Naserian, akalala huko usiku mmoja, na kesho yake walichimbua miti ya ua wakaibeba kwa punda mpaka barabarani. Hakuwa amewahi kufika juu namna ile. Baridi ilimwingia masikioni. Aliyagonga magogo moja moja kwa kisigino cha panga kama alivyomwona mumewe akifanya, na yaliyolia wazi aliyatenga, na yaliyolia butu aliyaacha.

Dereva mwingine aliyekuwa anashuka alikubali kumchukua. Kwenye geti la hifadhi alishushwa. Askari alitaka kujua mwanamke wa Karatu anafanya nini na magogo kutoka hifadhini. Leonida alisema ni ya kutengenezea vinu. Vinu gani vyembamba hivi? Vya chumvi. Chumvi inatwangwa? Inasagwa, alisema, na wageni, mezani. Kila alichoongeza kilimfanya aonekane mwongo zaidi, na watu juu ya lori wakaanza kucheka. Mmoja alipendekeza aulizwe kama hata sukari huwa anaikereza.

Magogo yakateremshwa yote. Askari aliyakwangua kwa kisu akitafuta umajimaji, akayanusa, akamwambia akae chini pale pembeni mpaka mkubwa wake atakapokuja. Lori liliondoka. Alikaa chini, kanga imefunika magoti, magari ya watalii yakipita, na mama mmoja wa kizungu akatoa kamera dirishani akampiga picha yeye na magogo yake. Leonida hakujua kama atazame kamera au asiitazame. Mkubwa alipofika aliligusa gogo moja kwa kiatu, akasema huo mti umekufa kabla wewe askari hujazaliwa, mwache mama aende. Alipata lori jingine, na dereva wake hakumsaidia kupakia.

Njia nzima ya kushuka hakuwa na huzuni. Alikuwa na furaha, na alipanga maneno. Angesema, Baba Germana, hii hapa, sasa ziache zile. Yeye atasema, mwanamke wewe ni fundi. Nguzo zilizobaki bado zingetosha kwa chumba kimoja, na chumba kimoja kinatosha kwa wazee kuona.

*

Alifika mchana. Patrisi alimsaidia kushusha bila kuuliza kitu, kisha akayatazama magogo yaliyolala barazani kama mtu aliyeletewa wageni asiowatarajia.

“Oloirien,” Leonida alisema. “Kavu mpaka moyoni. Hebu nusa.”

Hakunusa. Aligonga moja. Lililia wazi, mlio mkali uliofika mpaka kwa jirani. Aliligonga tena mahali pengine, likalia vilevile.

“Huu ni mbichi ndani,” alisema.

Leonida alidhani hakusikia vizuri. “Mbichi?”

“Mti huu unadanganya kwa nje.”

Leonida aliingia jikoni, akatoka na panga, akalipasua lile gogo mwenyewe mbele ya mumewe. Vumbi kavu likaruka. Patrisi aliokota kibanzi, akakipindua, akasema basi tatizo si ubichi, ni mafundo, mafundo hung'oa patasi. Leonida alitafuta mafundo. Lilikuwapo moja, pembeni. Alisema hilo litakatwa. Patrisi akasema rangi si ile, meneja hataki rangi za kuchanganya. Leonida aliingia kibandani, akarudi na kinu kilichokwisha, akakilaza juu ya mpasuko. Mistari myeusi ya kimoja ilifuatana na ya kingine, mtu asingejua pa kutenganisha.

Alimtazama mumewe usoni. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na mitano, na alikuwa amemwona akikataa mbao za watu wengi. Alijua uso wake mbele ya mti mbaya: alikunja pua, akawa na maneno mengi, akaeleza mpaka mtu akachoka. Uso huu haukuwa ule. Huu ulikuwa uso wa mtu anayeombwa njia katika mji asioufahamu.

“Kereza,” alisema.

“Mama Germana, nimechoka leo.”

“Mimi nimekaa chini getini kwa ajili ya mti huu. Watu wamenicheka. Nimepigwa picha. Kereza kimoja nione mafundo.”

Patrisi alikata kipande, akakifunga kwenye mashine, akakanyaga. Mwanzoni miguu yake haikupata mwendo. Kisha ikapata, na mti ukaanza kutoa nyuzi ndefu zisizokatika, zikamwangukia magotini. Germana alikuja mlangoni akasimama nyuma ya mama yake. Kiuno kikatokea, bega likatokea. Alipitisha msasa, akasimamisha, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, na kidole hakikukwama popote.

Alikifungua akakishika muda mrefu.

“Huu ni mzuri,” alisema. “Kusema kweli ni mzuri kuliko wetu.”

“Sasa nguzo zinabaki,” Leonida alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Haikuwa swali, lakini alilingoja jibu.

Patrisi alikiweka kile kipande benchini, kikaviringika, akakizuia, akakiweka tena. Alianza kusema habari za meneja, akaacha. Alianza kusema habari za mabakuli, akaacha. Germana aliambiwa na mama yake aende akaangalie ndama, na akaenda polepole, akigeuka nyuma.

“Nilidhani ni mti tu,” Patrisi alisema. “Niamini. Nilipokata ile ya kwanza nilijiambia ni mti mkavu, fundi mwingine yeyote angeukata. Hata jana ningekuapia hivyo.”

“Na leo?”

“Leo umeniletea mti bora, na mimi nikaona kama umeniletea hasara.”

Leonida alihisi maneno yanamkaribia na hakujua ni maneno gani. Alitaka kumsaidia, kama alivyomsaidia siku zote alipokwama mbele ya watu. Safari hii hakuwa na cha kumwazima.

“Kule ni shamba la Josephati,” Patrisi alisema. “Ninajua, limegawanywa, mashimo yetu yapo. Lakini mimi kule ni mdogo wake Josephati asiyeweza kunyoosha mfereji wa plau. Baba mwenyewe alikuwa akinicheka mbele ya vijana wenzangu. Hapa gari likisimama, linasimama kwa ajili yangu.” Alijifuta uso, vumbi likatapakaa. “Sitaki kurudi Buger. Siku ile walipotupakia kwenye lori, wewe ulikuwa unalia, ukanishika mkono ukaniambia tutarudi, na mimi nikakuitikia. Mama Germana, nilikuwa na furaha. Siku ile yote mimi nilikuwa na furaha.”